Jina Nililompa Havyarimana

Nilifundisha baiolojia miaka thelathini na moja katika sekondari moja ya Kasulu, na sikumbuki mwanafunzi aliyetoka darasani kwangu hajaelewa. Nalisema hili mapema ili mtu asije akadhani kwamba nilichokifanya mwaka 2013 nilikifanya kwa kutojua kueleza. Kueleza najua. Wanaonifahamu watakwambia Mwalimu Maximilla akishasimama mbele ya watu, kukaa ni kazi.

Nilipostaafu nilirudi Kagerankanda kwenye shamba aliloniachia marehemu mume wangu, migomba mia moja na kitu pamoja na maharage kidogo. Kazi ya migomba, kwangu na kwa majirani zangu karibu wote, aliifanya Havyarimana. Mtu huyu alivushwa mpaka kutoka Burundi akiwa mgongoni mwa mama yake. Karatasi za uraia anazo, na huzitoa hata asipoulizwa. Hupita shamba kwa shamba na panga lake jembamba, anaondoa majani makavu, anapunguza machipukizi yaliyozidi na kulikata lile ua jekundu linaloning'inia chini ya mkungu. Akitoka, shamba linaonekana kama limetoka kunyolewa. Mtu wa kumtoa kasoro katika kazi yake sijamwona.

Mwezi wa pili mwaka huo, ndizi za Pelagia zilianza kuiva kabla ya kukomaa. Pelagia ni mke wa Nestori, mwenyekiti wa kitongoji chetu. Alikata ndizi moja akakuta ndani ina rangi ya kutu, akakata na shina, likatoa usaha wa njano. Wiki mbili baadaye ugonjwa ukawa kwa jirani yake, kisha kwa mwingine, na kufikia mwisho wa mwezi wa tatu mashamba tisa yalikuwa yanakauka. Kwetu mgomba ndio chakula, ndio pombe ya harusi, ndio kitu cha kwanza mkwe anachokiangalia akija kukutembelea. Niliona wanaume wazima wakikata mashamba yao huku wakilia.

Nestori aliitisha mkutano, akaniomba nieleze kitaalamu. Nilieleza vizuri sana. Nilisema ugonjwa huu unaletwa na bakteria, unaishi kwenye utomvu, na unahama mgomba hadi mgomba kwa panga lisilochomwa moto. Hapo ningekaa. Lakini nilikuwa nimeshanogewa, na nilikuwa na neno zuri ambalo nilikuwa sijalitumia tangu nistaafu.

Nikawaambia kuna kiumbe ambacho Waingereza wanakiita carrier. Kinabeba ugonjwa na kuupeleka kwa wengine, na chenyewe kizima, hakina homa wala kidonda, ndiyo maana hakuna anayekishuku. Nikaendelea kwamba hata nje ya maabara Waingereza hao hulitumia neno hilo, kwa mtu anayepeleka fitina nyumba kwa nyumba wakati kwake kuna amani tele. Watu walitikisa vichwa. Walikuwa wananielewa, na hakuna kitu kitamu kwa mwalimu kama hicho.

Nestori akauliza kama kuna shamba lililosalimika miongoni mwa yale ambayo panga la Havyarimana linapita. Mtu akasema la Havyarimana mwenyewe, na kweli lilikuwa limesimama bila jani la njano. La kwangu pia lilikuwa zima, na mengine kadhaa, ila hakuna aliyeyataja, sembuse shamba la mwalimu.

"Kwa hiyo, Mwalimu," Nestori akasema, "huyo mbebaji ni yeye?"

Ningeweza kusema panga. Ningeweza kusema sijui. Havyarimana alikuwa amekaa safu ya nyuma, kofia magotini, akiniangalia kwa utulivu wa mtu anayemwamini anayesema.

"Kwa ushahidi tulio nao," nikasema, "ndiye."

Nitakiri kwamba niliona raha. Ilikuwa raha ya mwalimu ambaye mfano wake umeingia darasani kwa miguu yake.

Watu wetu neno carrier walilijua kwa chuma cha nyuma ya baiskeli tu, kwa hiyo wiki haikuisha Havyarimana akawa anaitwa Keria. Mashamba yote yakamfungia. Mkewe, Mpawenimana, alipeleka ndizi gulioni akarudi nazo zote, maana nani anunue ndizi za Keria. Kanisani benchi lao likawa na nafasi ya kutosha. Mwishowe Nestori akaanza kuzungumzia barua ya kupeleka kata mwisho wa mwezi, ya kuomba familia ile iondolewe kitongojini itafutiwe mahali pengine. Mahali pengine papi, hakuna aliyesema.

Jumanne moja asubuhi Havyarimana akaja kwangu. Nilijiandaa kumjibu kwa ukali, kwa sababu nilidhani amekuja kulalamika. Aliniamkia, "Mwakeye, Mwalimu," akakaa, akaniomba nichukue daftari.

"Mimi kuandika sijui sana," akasema. "Nitataja mashamba, wewe andika."

Akayataja yote aliyoyapitia tangu Krismasi, moja baada ya jingine, na siku zake. Siku alizihesabu kwa gulio na kwa Jumapili, na kila nilipojaribu kumkosesha alinirudisha kwenye mstari. Nilichora jedwali kama ninavyopenda, safu ya tarehe, safu ya shamba, safu ya hali yake leo. Kazi kama hiyo huniburudisha, na nilikuwa bado nina uhakika kabisa wa nitakachokiona.

Kwanza nilimuuliza kwa nini shamba lake ni zima ikiwa panga ni lile lile. Akacheka kidogo. Mama Ange, ndivyo alivyomwita mkewe, hakubali panga la kibarua liingie shambani kwake. Anasema limeshakula kwa watu, lisije likaleta tumbo la watu. Hulala nje, limechomekwa kwenye ukuta wa choo, na migomba ya nyumbani huihudumia mama mwenyewe kwa kisu chake. Ningeisikia habari hiyo darasani ningeifanyia mzaha kipindi kizima. Katika kitongoji kizima hakuna aliyekuwa ameukinga mgomba wake vizuri kuliko mama yule.

Kisha nikaliangalia jedwali. Mashamba yote aliyoyapitia mwezi wa kwanza kabla ya kuja kwangu yalikuwa mazima. Aliyoyapitia baada ya kwangu yalikuwa yamekufa, kwa mpangilio ule ule wa siku, la kwanza likiwa la Nestori na Pelagia.

"Siku ile ulimalizia wapi kwangu?" nikamuuliza.

"Nyuma ya jiko. Ile mitatu mipya."

Ile mitatu nilikuwa nimeitoa Mabamba mwezi wa kumi na moja, kwa dada yangu, nilipokwenda kumwoza mtoto wake. Dada alinichagulia miche minene, nami nikaisifu njia nzima. Mmoja ulikuwa na jani moja lililoanza kuwa njano, nikasema ni jua. Tulikwenda wote wawili nyuma ya jiko. Niliukata kwa kisu changu cha mboga, tukasubiri, na usaha wa njano ukatoka taratibu mpaka ukafika kwenye kidole changu.

Mche mzima wa afya, umebeba ugonjwa, umeletwa na mtu mzima wa afya, msomi, asiyeshukiwa na yeyote. Nilimwahidi Havyarimana kwamba kwenye mkutano wa Jumamosi nitalisafisha jina lake, na nilimaanisha.

Jumamosi nikasimama. Mbele kabisa alikuwa amekaa Pelagia, ambaye alikuwa amekata shamba lote, na mikono yake ilikuwa bado na madoa meusi ya utomvu. Nikamtazama, na ujasiri wote niliokuja nao ukaniishia. Nikasema uchunguzi wa awali unaonyesha kwamba vimelea viliingia kupitia vipando visivyo na dalili kutoka nje ya eneo, na kwamba zana za kupogolea zilikuwa kisambazaji cha daraja la pili. Nikakaa. Watu walinipigia makofi. Nestori alinishukuru kwa elimu, kisha akatangaza kwamba barua ya Keria iko tayari na ataipeleka Jumatatu.

Havyarimana alinisubiri njiani na baiskeli yake.

"Mwalimu," akasema, "mimi ulinieleza mpaka watoto wadogo wakaelewa. Wewe umejieleza hata mwenyekiti hajui umesema nini."

Akaikokota baiskeli akaenda zake. Nilimkasirikia jioni nzima. Nilijiambia hana adabu, nilijiambia mimi nimesema ukweli na kama watu hawakuelewa ni juu yao, na nilipofika hapo nikajisikia mwenyewe. Miaka thelathini na moja sijawahi kusema kwamba mwanafunzi asipoelewa ni juu yake.

Jumapili baada ya misa nikaenda kwao. Mpawenimana alitoka kunilaki akanisimamisha mpakani mwa shamba, kabla sijakanyaga. Alikuwa na beseni la maji ya jiki. Nivue ndala niziache hapo, ninawe mikono, niingize miguu yote miwili. Nusu ya wauguzi wa wilaya hii nimewafundisha mimi maana ya usafi, na nilisimama pale nikioshwa miguu na mwanamke ambaye hakumaliza la nne. Nilitii. Alifanya vile bila dharau, kama anavyoosha sufuria.

Nilipoingia niliwaambia nilichokijia. Nestori ana kipande kipya ng'ambo ya kijito, ardhi ambayo haijawahi kuona mgomba, na mvua bado zipo. Hana pa kupata miche mizima, na akienda kuinunua mbali ataleta asichokijua, kama mimi. Miche mizima iko hapa. Wanipe, nitampelekea mwenyewe.

"Hatapokea cha Keria," Havyarimana akasema.

"Nitamwambia."

Mpawenimana alikuwa ananitazama. "Utamwambia kwa maneno gani?" akauliza. Nikaanza kumweleza, naye akatikisa kichwa kabla sijafika mbali. Akataka niseme kwa Kiha, pale pale, asikie. Nikasema. Kwa Kiha hakuna vipando wala kisambazaji cha daraja la pili. Kuna mche, kuna ugonjwa, kuna aliyeuleta. Ilichukua sentensi mbili, na ya pili ilinitoa jasho.

"Ego," akakubali, akaenda kuchimba miche.

Jumatatu asubuhi nilijitwika miche minne kichwani, nikapita katikati ya kitongoji. Watu waliniuliza ninakwenda wapi na mzigo, nikawaambia kwa mwenyekiti. Nestori nilimkuta uani amevaa shati la ofisi, barua imekunjwa mfukoni. Pelagia alikuwa jikoni. Nilitua miche, sikukaa, nikazisema sentensi zangu mbili kwa sauti. Hii ni miche ya Havyarimana, mizima. Ugonjwa ulioua shamba lako niliuleta mimi kutoka Mabamba, na panga lake liliuchota kwangu.

"Anasema nini?" Pelagia akauliza kutoka jikoni.

Nikarudia. Akatoka, unga mikononi, akasimama mlangoni. Sikuwahi kutazamwa vile na mtu yeyote, na sikuinamisha macho, maana angalau hilo alikuwa ananidai.

Nestori aliitoa barua, akaifungua, akanionyesha. Ilikuwa imeandikwa vizuri: mtu aliyeingiza ugonjwa wa migomba katika kitongoji chetu, ambaye wananchi wanaomba aondolewe, ni Havyarimana. Nilidhani anataka kunionyesha kwamba maji yameshamwagika. Kumbe alikuwa ananipa na kalamu.

"Wewe ndiye mwalimu," akasema. "Sahihisha."

Nikalikata jina la Havyarimana kwa mstari mmoja, nikaandika Maximilla juu yake, kwa mwandiko wa ubaoni unaosomeka kutoka safu ya mwisho. Nikamrudishia. Aliisoma kwa sauti yote, kuanzia anwani. Alipofika kwenye jina langu na ombi la kuniondoa, akakomea hapo.

"Haiwezekani hii," Pelagia akasema. "Mwalimu tumwondoe aende wapi? Kwao ni hapa."

Nestori aliendelea kuishika ile karatasi, mke wake akaendelea kumtazama, na nikaona wote wawili wanayasikia yale maneno kwa mara ya pili, safari hii yakiwa na jina lile nililolikata. Pelagia akajifuta unga kwenye kanga. Akainama, akaanza kuipokea miche, mmoja mmoja, akiigeuza kuangalia mizizi.

"Ipandwe umbali gani?" akaniuliza, bila kuniangalia.

Nilikuwa najua umbali. Nilikuwa najua na kina cha shimo.

"Muulize Havyarimana," nikasema.