Meza ya Salfa

Ilikuwa mara ya kumi na tisa kioo kuniambia kwamba kompyuta inajiandaa kujitengeneza. Vidoti vikazunguka. Ikasema inajichunguza. Ikasema imeshindwa. Ikazima, ikawaka, ikaanza kujiandaa tena kwa adabu ileile ya karani anayekwambia urudi kesho. Nilitaka kuitemea mate.

Ndani yake kulikuwa na utenzi wangu, beti mia mbili na kumi na mbili, juu ya wanawake wa Newala walioshuka bondeni kufuata maji. Kazi ya miaka miwili. Nakala nyingine haikuwepo. Madaftari niliyachoma, maana sikuvumilia kuiona mistari yangu mibovu iliyokatwakatwa. Kumtumia mtu asome nilikataa, nikiamini kila msomaji wa mashairi ni mwizi wa mashairi.

Nyumbani Newala nilikuwa nimejaribu kila nilichokijua. Nilichomoa betri, nikabonyeza swichi mpaka kidole kikauma. Nilichomoa kipanya na flashi. Niliingia kwenye ile orodha ya bluu nikaiomba iwake katika hali ya usalama, ikanirudisha kulekule. Nikaiomba irudi ilivyokuwa wiki iliyopita, ikajibu haina kumbukumbu ya wiki yoyote. Ndipo nikaibeba hadi Masasi, eneo la Mkomaindo, kwa fundi Fakihi, kijana mwenye kibanda cha vioo na miwani ya jua asiyoivua hata akiwa ndani.

Nilimkuta anakula chipsi. Aliibonyeza swichi kwa kidole chenye mafuta, akatazama vidoti vikizunguka mara moja tu.

"Window imekufa hii, kaka. Tunapiga mpya, saa saba unaondoka nayo."

"Na vilivyomo?"

"Vinafutika."

"Hujafungua hata skrubu moja."

"Nifungue nitafute nini? Una picha za demu humo?"

"Nina utenzi."

Wateja wawili wakaangua kicheko. Fakihi akalamba tomato kwenye kidole gumba. "Utenzi! Si uko kichwani? Mtunzi gani hakumbuki alichotunga? Haya, imba hapa, nakurekodi."

Nilikumbuka beti arobaini, labda. Niliichukua kompyuta yangu nikatoka. Alama ya kidole chake ilikuwa imebaki kwenye kioo, inang'aa. Niliifuta kwa shati, kisha nikalichukia shati.

Newala kulikuwa na mtu mmoja tu wa kumwendea, na asubuhi hiyo hiyo nilikuwa nimempita mlangoni kwake nikielekea stendi. Mama Upendo anatengeneza redio na simu sokoni. Nilimwamkia bila kusimama. Kwangu alikuwa mama wa redio, na kompyuta yangu haikuwa redio. Niliporudi kutoka Masasi nikasimama.

"Shikamoo, Mama Upendo."

"Marahaba, Faruku. Masasi wamekushindwa?"

Nikaiweka mezani. Hakuiwasha. Aliigeuza chali, akaipeleka puani, akakunja uso.

"Hii inalala wapi?"

"Chumbani kwangu."

"Na nani?"

Jibu lilikuwa limeshanifikia. Ulikuwa msimu wa kupulizia mikorosho unga wa salfa. Kwetu msimu huo salfa inalala ndani na watu, mlango umefungwa, kwa sababu ikilala nje inaamkia shambani kwa jirani. Baba alinipangia mifuko mitatu chumbani. Mimi nikatandika kanga juu yake, nikapata meza. Niliisifu meza ile kwa kila rafiki aliyekuja.

Mama Upendo alifungua skrubu. Ukamwagika unga wa njano, na mende wawili wakavu, na manyoya ya vumbi yaliyoshikana kama uchafu wa kitovu. Harufu ya kiberiti ikanipanda puani. Meno ya shaba ya diski, pale inapochomekwa, yalikuwa meusi kama ya mla ugoro.

"Feni inavuta pumzi kwa chini, baba. Umeilaza juu ya salfa, imevuta salfa. Sasa haiisomi diski sawasawa, ndiyo maana inajitengeneza mpaka kiama. Huyo wa Masasi angepiga window, ingekufa tena, na utenzi wako umeshafutwa."

Alichukua ufutio wa shule akayasugua yale meno taratibu, akayapitishia spiriti, kisha akaichomeka diski kwenye kompyuta yake kuukuu. Diski ikagonga, tik, tik, kama mtu anayetafuna mchanga.

"Inasomeka, lakini imechoka. Naweza kuvuta mara moja. Ya pili siahidi. Niweke wapi?"

"Kwenye flashi yangu."

"Flashi ilikuwa inakaa wapi?"

Juu ya mifuko. Hakusubiri nijibu. "Basi ni kwenye kompyuta yangu, au tuache."

Kompyuta ya mtu. Kila anayeleta redio angeweza kuusoma. Diski ikagonga tena, mara tatu mfululizo.

"Weka," nikasema, na neno lilinitoka kama tapishi.

Mstari wa kijani ulitambaa, ukasimama, ukatambaa. Ulipofika mwisho Mama Upendo aliufungua utenzi aone kama ni mzima. Beti mia mbili na kumi na mbili, zote. Nilishusha pumzi. Yeye akaendelea kusoma, midomo ikicheza, mpaka akakwama. Akasoma kwa sauti:

*Mama zetu walishuka*
*bondeni wakaitika*
*nyimbo zikamiminika*
*ndoo wakizijazia.*

"Nani alikwambia tuliimba?"

"Hakuna. Vina vilikaa vizuri."

"Mimi nimeshuka kule miaka tisa, Faruku. Kupanda na ndoo kichwani hata kukohoa tulikuwa tunaogopa, utamwaga. Na kisimani tulikuwa tunatukanana. Dada yangu Regina alimng'ata mtu kwa ajili ya zamu. Nyimbo!"

Nikautazama ubeti. Ulinukia sabuni ya wageni. Niliona wa tisini nao una ngoma, na wa mia moja una vicheko, nikazichukia kuliko nilivyoichukia alama ya kidole cha Fakihi. Nilikuwa nimekilinda kitu hiki dhidi ya wezi.

Nikavuta kigoda, nikaufuta ubeti ule mbele yake.

"Alimng'ata wapi?"

"Sikioni. Na usibadilishe jina. Regina mwenyewe anapenda kukisimulia kisa hicho."