Mwambie Baba Yako

Sisi hatujanuniana. Naomba hilo lieleweke mwanzo kabisa, maana majirani wana midomo. Mimi na mume wangu tumeoana miaka ishirini na minane, tumezaa watatu, hatujawahi kushikana mashati. Ila hatusemeshani.

Ilianza hivi. Kifungua mimba wetu alikuwa na miaka mitatu, tukagombana kuhusu mahali pa kuweka kitanda. Mimi nakitaka dirishani, yeye anakitaka ukutani. Nikanuna, na mimi nikinuna nanuna kweli, si mchezo. Nikawa namwambia mtoto, "Mwambie baba yako chakula tayari." Mtoto anakimbia hatua sita: "Baba, chakula!" Naye anamjibu, "Mwambie mama yako nakuja." Wiki ya pili hasira zikaisha, kitanda kikawekwa katikati ya chumba ambako hakuna aliyekitaka, lakini tulishaonja raha ya kuwa na tarishi. Tukaendelea. Wa kwanza alipoondoka nyumbani, kazi akairithi wa pili. Wa pili alipooa, ikamwangukia Kitinda, binti yetu wa mwisho. Usiniulize hao wawili tuliwapataje. Mambo mengine hayahitaji tarishi.

Mwaka huu Kitinda akapata kazi mji mwingine. Nilimsindikiza kituoni, nikalia mbele za watu bila aibu, nikarudi. Asubuhi nikachemsha chai, nikafungua mdomo: "Mwambie baba yako..." Nilikuwa naliambia friji.

Mume wangu ni fundi saa. Meza yake iko barazani, hatua sita kutoka jikoni, na masikio yake yanajua saa ikikosa mpigo mmoja. Alinisikia vizuri sana. Nilimwona kupitia mlangoni, kile kioo chake kimebanwa jichoni, kibanio kimesimama hewani, anasubiri ujumbe umfikie. Nani aupeleke? Chai ikapoa. Mimi namtazama, yeye ananitazama kwa lile jicho moja lililokuzwa, na hakuna aliyekunywa.

Najua utauliza: si ungesema tu? Haya, jaribu wewe. Miaka ishirini na minne ulimi umezoea kupita njia moja, halafu siku moja uambiwe kata kona. Mchana nikampigia Kitinda.

"Mwambie baba yako maharage yako mezani."

"Mama, si yupo hapo hapo?"

"Nimekuuliza alipo?"

Simu ikalia barazani. "Eh, mwambie mama yako nanawa mikono." Simu ikalia jikoni. Tukala, tukashiba, nikamshukuru Mungu kwa teknolojia.

Sasa, Kitinda ameajiriwa na kampuni ya maji, huduma kwa wateja, na kazini simu yake mwenyewe haruhusiwi kuishika. Akatupatia namba ya bure ya wateja. Nami mtu akinipa namba, napiga. Sauti ya mashine ikaniambia, "Wewe ni wa nne kwenye foleni." Nikasubiri, mwiko mkononi. Siku nyingine nampata Kitinda, siku nyingine nampata kijana mmoja mpole ambaye mwanzoni alinieleza kwa adabu kwamba wao wanashughulikia maji tu.

"Chai ni nini, mwanangu?" nikamuuliza.

Akafikiri. Akaufikisha ujumbe.

Baada ya mwezi walishatuzoea, tena walitufungulia faili. Walijua mume wangu hapendi kitunguu kibichi. Walijua mimi nikisema "mwambie kama anataka" maana yake asithubutu kutaka. Msimamizi wao, mama mmoja mwenye sauti ya ukuu, akatoa amri kila ujumbe upewe kumbukumbu namba na ufungwe ndani ya dakika ishirini. Kila mwisho wa simu naulizwa, "Je, umeridhika na huduma?" Nilikuwa nawapa tano kwa tano. Hakuna ndoa iliyosimamiwa vizuri kuliko yetu.

Ndipo dada yangu mkubwa akaja kunitembelea. Alikaa sebuleni saa mbili, akaona simu zinavyolia jikoni na barazani, barazani na jikoni. Akaweka kikombe chini.

"Mdogo wangu, haya si maisha. Watoto wameshajiondokea, hapa unabaki na nani? Njoo kwangu, chumba kipo. Beba na cherehani yako. Jumamosi naleta gari."

Hilo la nabaki na nani ndilo lililoniuma. Kusema kweli sikutaka kwenda. Nilitaka yule mwanamume wa barazani aniambie nisiende, basi. Kama kilichotufunga sisi wawili ni watoto tu, na watoto wameisha, heri nijue mapema kuliko kuzeeka nikipewa kumbukumbu namba.

Nikapiga. Nilikuwa wa kumi na saba, bomba lilikuwa limepasuka mahali. Akapokea yule kijana mpole.

"Mwambie mume wangu Jumamosi nahamia kwa dada."

"Mama... hili ni suala la maji?"

"Nikianza kulia litakuwa."

Simu ikalia barazani. Nikatega sikio. "Eh," alisema mume wangu. "Eh. Nimesikia." Simu yangu ikalia.

"Mama, anasema amesikia."

"Halafu?"

"Basi. Umeridhika na huduma?"

Nikampa sifuri. Maskini, halikuwa kosa lake, lakini hasira hasara.

Jumamosi gari likafika. Dereva alikuwa na tumbo na msimamo. "Mimi naendesha, sibebi," akasema, akajiegemeza kwenye mlango wa gari lake. Na cherehani yangu ni ile ya zamani, ya miguu ya chuma, uzito wa ng'ombe aliyegoma. Nikaishika upande mmoja, nikaivuta, ikanicheka.

Mume wangu akavua kioo chake, akainuka. Akashika upande wa pili bila kuambiwa na mtu. Moyo ukanipasuka. Kumbe ananisaidia kuondoka! Nikainua kwa ghadhabu, tukatoka nayo hadi mlango wa mbele, yeye nje, mimi ndani, na pale pale ikakwama. Mguu wa chuma ulikuwa umeng'ang'ania fremu. Haiendi, hairudi. Tukasimama tukihema, cherehani katikati yetu.

Akaiegemeza kwenye paja, akatoa simu mfukoni. Akasubiri foleni, ninamwona anavyohesabu kwa midomo. Kisha simu yangu ikalia. Alikuwa Kitinda.

"Mama, baba ana ujumbe."

"Sema."

"Hataki kuniambia. Anasema huu hawezi kumpa mtu."

Nikakata simu, nikairudisha mfukoni, nikashika tena chuma. Nikaitazama ile sura niliyoipikia miaka yote, na jasho lilikuwa linamtiririka hadi shingoni.

"Haya," nikasema. "Sema."

Akashtuka kana kwamba mlango umeongea.

"Naogopa," akasema.

"Unaogopa nini? Mimi nang'ata?"

"Mtoto akiniletea jibu baya, najiambia labda amekosea kulisema. Nikikuuliza mwenyewe, ukasema unakwenda, nitakuwa nimesikia."

Miaka ishirini na minne! Nilitaka kumrushia kitu, lakini mikono yangu yote ilikuwa imeshika chuma.

"Hebu uliza," nikamwambia.

"Unakwenda kwa sababu yangu?"

"Nakwenda kwa sababu hujaniambia nisiende!"

"Usiende," akasema. "Mke wangu, usiende."

Miaka yote namsikia akiniita mama yako, mama yenu. Nikalia hadi dereva akavua kofia, akidhani kuna msiba.

"Na mimi naogopa," nikamwambia. "Tukibaki wawili, tutakuwa tunaongea nini?"

"Sijui," akasema. "Tuanze na huu mlango."

Akakagua ule mguu wa chuma, akainama, akashika vizuri.

"Inua upande wako kidogo," akasema.

Nikainua.