Pistoni Hupimwa Ikiwa na Joto

Jioni ya siku ya khitma yake, wageni walipokuwa wameondoka na masufuria yakioshwa uani, Shamsudin alirudi nyumbani kwake mtaa wa Jamhuri, akavua viatu mlangoni, akauliza kama pistoni ya ile injini yao ndogo imekwisha. Alikuwa amevaa ovaroli yake ya kazi, ile ambayo mkewe Mwanasiti alikuwa amempa fundi wa bomba asubuhi hiyo. Kesho yake fundi wa bomba alikuja kulalamika kwamba haioni. Mwanasiti akampa suruali.

"Imekwisha," Mwanasiti alimjibu mumewe, akifuta mikono kwa leso. "Lakini sijaijaribu."

Shamsudin alikaa kwenye kiti chake cha siku zote, akaishika ile pistoni, kipande cha shaba kifupi kama kifundo cha kidole gumba, akaipima kwa kipimio chake. Akasema ni nyembamba, imepungua unywele. Mwanasiti akakereza nyingine nene kidogo, Shamsudin akaipima, akaridhika. Walipowasha moto na mvuke ukaingia, pistoni ikakwama kabisa.

Mwanasiti aliwaza jambo hilo alipokuwa akichambua mchele. Halafu akakumbuka kwamba mikono ya mumewe siku hizi ilikuwa baridi kama sakafu ya Julai, na kwamba chuma chochote kikishikwa na baridi hujikunyata. Tangu hapo alimwachia apime, akamshukuru, kisha akakifumbata kile kipande katika kiganja chake mwenyewe mpaka kipate joto, ndipo akapima upya. Shamsudin hakuambiwa. Mtu aliyefariki ana mengi ya kumhuzunisha bila hilo.

Mashine ya kukerezea ilikuwa katika stoo ya nyuma, kati ya gunia la makaa na pipa la maji. Shamsudin aliiunda miaka ya nyuma juu ya miguu ya cherehani kuukuu, ikawa inaendeshwa kwa kukanyaga. Kifua kilipoanza kumsumbua, Mwanasiti alikanyaga na yeye akakereza. Kifua kilipozidi, Mwanasiti alikanyaga na kukereza, na yeye akakaa kitini akisema, "Polepole, polepole." Injini ilikuwa ya mvuke, kimo chake sawa na birika la chai, na gurudumu zito pembeni. Shaba yote ilitoka kwa jirani yao Njambi, aliyekuwa na duka la vyombo Adams Arcade na aliyewawekea majiko ya mafuta yaliyopasuka na mifereji ya bomba iliyokufa. Kila kipande kilikerezwa na Mwanasiti. Shamsudin alikuwa ametengeneza kibao cha chini tu, ambacho alikipiga randa vizuri sana kabla ya kuugua mara ya mwisho.

Injini hiyo ilikuwa na shughuli. Kampuni moja ya pampu, yenye duka la vioo vikubwa Government Road, ilikuwa imetangaza redioni kwamba atakayeleta injini ndogo aliyoiunda kwa mkono wake, ikazunguka mbele ya waamuzi, atapewa kazi katika karakana yao mpya ya Westlands, na mashine ya umeme ya kukerezea iwe yake. Mwanasiti alisikia tangazo hilo akikuna nazi, akaacha kukuna. Hakuwahi kutaka kitu namna ile. Alitaka mashine isiyokanyagwa. Alitaka kusimama mbele yake kwa miguu miwili, kama watu wengine.

Bahati mbaya, siku ya mashindano ilikuwa ndani ya eda yake.

Maalim Taib, aliyesomesha watoto mjini, aliulizwa, akasema mjane kutoka mchana kwa haja yake si kosa. Lakini Twahir, mdogo wake Shamsudin, karani mwenye kalamu mbili mfukoni, alikuja Jumapili, akasema hii si haja, hii ni injini.

"Shemeji, watu watasema nini?" alimuuliza Mwanasiti, aliyekuwa nyuma ya pazia. "Mjane wa juzi ndani ya basi, na kidude cha moshi mapajani!"

"Basi nani ataipeleka?"

Twahir alifikiri. "Si kaka yupo?"

Wote wakamgeukia Shamsudin, aliyekuwa kitini akipangusa gurudumu. Njambi, aliyeingia na chupa ya maziwa, akatua chupa mezani.

"Kwani huyu si alikufa?"

"Alikufa," Twahir alikubali. "Lakini yeye hakai eda."

Mwanasiti akasema kutoka nyuma ya pazia kwamba ni sawa, bora tu waambiwe ni ya nani.

"Nitawaambia," Shamsudin alisema.

"Utawaambia kweli?" Njambi alimkazia macho. "Wewe nakujua. Hata mwenye nyumba akikukanyaga mguu unamwambia samahani. Nitaenda na wewe mimi."

Walikwenda. Shamsudin alilipa nauli ya basi kama abiria wengine, ila kiti cha pembeni yake kilibaki wazi kwa ajili ya ubaridi. Mwanasiti alishinda dirishani. Alipika maandazi, yakaungua, akapika mengine.

Njambi ndiye aliyerudi kwanza, na aliingia bila kubisha.

"Mama, injini yako imezunguka! Imezunguka mpaka wale waamuzi wamevua miwani. Nyingine zote zilikohoa tu zikanyamaza."

"Na wakasema nini?"

Njambi alikaa, akavua kiatu kimoja, akakitazama. "Meneja, huyo Bwana Mungai, aliuliza nani ameitengeneza. Mimi nikasema, mke wake. Wakacheka, mama. Wakacheka vizuri tu, bila ubaya. Mmoja akasema, na mume alipika chapati? Halafu Mungai akamshika mkono bwanako. Akasema, mkono baridi, huu ni mkono wa fundi, hautetemeki. Akasema, bwana, tulisikia kwamba ulifariki, pole sana. Je, utaweza kuanza Jumatatu?"

"Na yeye?"

"Akasema ataweza." Njambi alifungua mkoba, akatoa kitu kilichokunjwa. "Hii wamekuletea wewe. Zawadi ya mke wa mshindi."

Ilikuwa aproni yenye picha ya pampu.

Shamsudin aliingia magharibi, akavua viatu mlangoni. Mwanasiti alimtengea chakula, ambacho hakukila, kwa kuwa hali tena, lakini alipenda kutengewa.

"Walikuuliza?"

"Waliniuliza."

"Ukasema nini?"

Alichezea kingo za sahani. "Walikisifia sana kile kibao," alisema hatimaye. "Mwanasiti, nimefanya kazi mjini maisha yangu yote, na hakuna mtu wa tai aliyewahi kunishika mkono. Leo wamenishika watatu, mmoja baada ya mwingine. Nikaona nikisema, wataachia."

Mwanasiti alitaka kukasirika. Alimtazama alivyokuwa amechana nywele kwa ajili ya safari ile, njia ikiwa upande wa kulia, upande ambao katika uhai wake hakuutumia, akashindwa. Akaondoa sahani.

Shamsudin akaanza kazi, kwenye ile mashine ya umeme, iliyowekwa karakanani. Alifika karakanani kabla ya wote, hakuugua, hakuomba ruhusa ya msiba, na wakubwa walimpenda. Tatizo lilikuwa moja. Kila pistoni aliyoikereza aliipima mkononi mwake, na kila moja ilikwama pampu ilipopata joto. Kwa hiyo alianza kurudi nyumbani na kikapu cha pistoni. Mwanasiti alikanyaga mashine stooni, akafumbata, akapima, akapunguza unywele, na asubuhi kikapu kikaenda Westlands kikiwa hakina kasoro. Karakana ikapata sifa. Injini ndogo iliwekwa katika kioo cha Government Road, ikiwa na jina la Shamsudin kwa herufi nyeupe.

Eda ilipokwisha, Mwanasiti alioga, akavaa buibui jipya, akaenda mjini na Njambi kuonana na Bwana Mungai. Alikuwa amechukua pistoni mbili ndani ya leso, na maneno aliyokuwa ameyapanga tangu alfajiri. Yote aliyasema, kwa sauti ndogo lakini aliyasema. Bwana Mungai alisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu mbaya. Aliagiza chai.

"Mama, mimi nakuamini," alisema. "Lakini nafasi ilikuwa moja, na iko na mtu. Mumeo angekuwa hayupo, tungezungumza."

"Mume wangu amekufa."

"Najua. Nilimpa pole mwenyewe." Bwana Mungai alisukuma sukari karibu yake. "Lakini hajakosa kazi hata siku moja."

Njambi alisema jambo kwa Kikuyu ambalo Bwana Mungai alijifanya hajalisikia. Chai ilikuwa nzuri. Waliinywa kwa sababu ilikuwa imekwisha kumiminwa.

Jioni hiyo kikapu kilipokuja, Mwanasiti hakukigusa. Alikaa barazani akisuka ukili, na asubuhi Shamsudin akakibeba kama alivyokileta. Ikawa hivyo kwa muda. Pampu zikaanza kukwama huku na huko, malalamiko yakafika Government Road, na kampuni ikachunguza. Uchunguzi ulionyesha kwamba Shamsudin hakuwahi kuharibu kitu tangu aajiriwe. Wakamfukuza msaidizi wake, Mwanzia, aliyekuwa hai na aliyekuwa akifagia.

Njambi alileta habari hiyo akiwa amekunja uso. "Mke wake, Syokimau, alikuja dukani leo. Ananiuzia masufuria. Yale yale niliyomuuzia mimi Krismasi."

Mwanasiti aliacha ukili. "Na wameweka nani mahali pake?"

"Mwingine. Hata huyo ana watoto."

Mwanasiti alikaa kidogo, kisha akainuka, akaenda stooni, akatia mafuta mashine, akajifunga aproni yenye picha ya pampu, kwa kuwa leso zilikuwa zinachafuka.

Magharibi Shamsudin alivua viatu mlangoni, akaweka kikapu mezani. Kilikuwa kizito kuliko kawaida. Alisema leo wamemfanya msimamizi, na Bwana Mungai amesema hadharani kwamba wangekuwa na mafundi kumi kama yeye, kampuni ingefika mbali. Alisema hayo akitazama chini, lakini alikuwa akitabasamu.

"Hongera," Mwanasiti alisema, na alimaanisha.

Alimtengea sahani. Kisha akachukua pistoni ya kwanza, baridi mpaka ikauma vidole, akaifumbata. Shamsudin alivuta kiti karibu ili aone.

"Ni sawa, sivyo?" aliuliza. "Nimeipima mwenyewe."

"Ngoja," Mwanasiti alisema, "ipate joto."