Wimbo wa Getini

Mama aliupeleka wimbo wetu kanisani kabla hajausikia.

Katika fellowship yetu ya Umbilo, hapa Durban, kitu kipya hakitumiki mpaka kiombewe. Gari huombewa, friji huombewa, hata laptopu. Kwa hiyo Mama aliposikia kwamba bendi ya kaka yangu Zadock inatoa wimbo wake wa kwanza Ijumaa, hakuuliza ni wimbo gani. Mtoto wake yeye, Jael mwanakwaya, angeimba nini tena? Alimwendea Pasta Onesphore, na Jumapili tukapangiwa nafasi baada ya mahubiri.

Bendi yetu inaitwa Wanja. Tunapiga glam metal: magitaa makali, ngoma za kupasua, na wanaume waliopaka wanja kumshinda bibi harusi. Mimi napiga gitaa la besi, na ni mimi niliyesimamisha nywele za bandia za Zadock kwa kopo zima la spray, kwa sababu baada ya ibada tulikuwa tunakwenda Jacobs, mtaa wa viwanda, kupiga picha za video.

"Tughairi," nilimwambia mlangoni.

"Hapana, Beverly. Nataka Mama ausikie. Nyumbani nimejaribu wiki nzima, naishia kumwomba chai."

Huyo ndiye kaka yangu: jukwaani simba, jikoni paka.

Wimbo ukapigwa kwenye spika za kanisa. Gitaa likalia, ngoma zikaingia, sauti ya Zadock ikapanda mpaka watoto wakacheka. Mzee mmoja akaanza kukemea pepo, na wengine wakanyoosha mikono kuelekea kichwa cha kaka yangu. Nilipandwa na hasira. Pepo gani huyo anayefanya mazoezi kila Jumanne?

Pasta akazima spika. Ni mtu wa Bukavu, hana makuu. "Mama Zadock, hii ni muziki gani? Maneno iko wapi?"

"Hata mimi nayangoja, Pasta." Mama alikuwa ameona aibu, na akiona aibu huwa mkali. "Zadock, imba bila vyombo. Kwa mdomo tu."

Kwetu umeme ukikatika wimbo haukatiki, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa. Zadock akasimama mbele na suruali yake ya kubana, akaimba polepole. Ni habari ya mtoto wa kule Nyamira, Kenya, aliyevalishwa sare ya shule, akaambiwa na mama yake mwenye sanduku kwamba atarudi jioni. Mtoto anakaa getini. Kiitikio ni kimoja tu: *Ulisema jioni, jioni ni lini?*

Watu wa fellowship hawawezi kusikia kiitikio wakakiacha. Mara ya pili wakaanza kupiga makofi, mara ya tatu wakaitikia kwa sauti mbili, tena vizuri. Halafu makofi yakapungua. Wengi wa wale kina mama na kina baba walikuja huku kusoma au kutafuta kazi, wakaacha mtoto kwa nyanya yake. Mwisho wa ubeti wa tatu Zadock alikuwa anaimba peke yake.

Mimi nilizaliwa Durban. Nilijua Mama alikuja kusoma, na kwamba Zadock alimfuata baada ya miaka minne. Nilidhani wimbo ameutunga tu.

Mama akauliza kutoka kiti chake, mbele ya watu wote, "Ulingoja mpaka saa ngapi?"

"Mpaka nyanya alipokuja kunibeba. Na kesho yake nikarudi."

"Nilisema jioni ili usilie."

"Najua, Mama. Sikulia."

Sasa alikuwa analia, na wanja ambao niliapa hautiririki ulikuwa umemfika kidevuni. Mama akaenda mbele. Akalowesha ncha ya kitambaa chake kwa mate, akamfuta uso taratibu, huku lile jitu la nywele limeinama ili amfikie.

Alipomaliza akamgeukia Pasta.

"Wimbo hauna shida," akasema. "Niombee mimi."