Kuhitimu kwa Yiu Pak-hin

Yiu Pak-hin alikuwa ameamua kuhitimu, na kila mtu pale dukani alijua kwamba anahitimu kwa sababu ya mwanamke.

Hakuna aliyemlaumu. Wenye Homa, maana ndivyo wanavyojiita watu wa Hong Kong waliokamatwa na ugonjwa wa sauti safi, huhitimu kwa ajili ya ndoa au kwa masikio kuchoka, na ndoa ni afadhali. Kuhitimu ni kuchagua kicheza muziki kimoja cha mwisho, kile cha kutembea nacho mfukoni mpaka uzee, kisha kuwauzia wenzako vingine vyote siku hiyohiyo na kuapa mbele yao kwamba hutatafuta tena. Baada ya hapo unakaribishwa dukani kama mgeni. Unakaa karibu na mlango, na kitu kipya kikifika hakuna anayekuuliza umesikia nini.

Kwa Hin hiyo ilikuwa adhabu. Miaka sita alikuwa amekaa mkabala na meza ya Mzee Szeto mwenye duka, kule ghorofa ya tatu mtaani Sham Shui Po, na neno la Hin lilikuwa neno la mwisho. Mchana alikuwa fundi wa lifti. Mambo ya sauti hakufundishwa na mtu. Alijichimbia mwenyewe, usiku kwa usiku, akajenga jina. Hukumu zake aliziandika kwenye kundi lao la simu, aya ndefu zenye makali, na watu wazima wenye mishahara kumshinda walinunua au wakaacha kununua kwa sababu Yiu Pak-hin amesema. Kama ilikuwa lazima aondoke, alitaka aondoke na jina hilo likiwa halina ufa.

Mchumba wake, Ngai Lok-yan, alitaka kitu kingine. Alitaka aondoke kweli. Nyumba waliyopata ilikuwa ndogo kiasi kwamba mlango wa jokofu ukiwa wazi, mlango wa choo haufunguki, lakini si nafasi iliyomsumbua. Muziki wala hakuukataa. Alichoka kusikia kila Jumamosi kwamba kile kilichokuwa cha ajabu mwezi uliopita sasa hakifai.

"Chagua kimoja, kiwe chako, tuishi," alimwambia. "Ukirudi tena kutafuta, nitajua nimeolewa na foleni ya vicheza muziki."

Vya kuchagua vilibaki viwili. Cha kwanza mwili wake ulikuwa wa shaba tupu, mzito kama jiwe la kunolea kisu, na kila aliyekishika alikiachia alama za vidole zisizotoka. Wakakiita Shaba. Hin alikisifu miezi mitano mfululizo. Cha pili kilikuwa chepesi, cha kijivu, hakina cha kutazama, na jina lake alikipa Hin mwenyewe: Bati. Aliandika kwamba sauti yake ni ya mvua juu ya kibanda, na kwamba anayekisikiliza abebe mwavuli. Watu walicheka wiki nzima. Picha za miavuli zilimiminika kwenye kundi, nyingi zikielekezwa kwa Mok, maana kati yao Mok ndiye peke yake aliyekuwa nacho.

Mok alikuwa mpishi wa bata wa kuchoma, mnene, mpole, na wote walimwita Bonge bila yeye kununa. Alijitetea mara moja tu. Alisema yeye hasikii mvua. Hin akamjibu kwamba mtu anayeshinda jikoni kati ya mafuta yanayochemka hawezi kujua mvua inapoanza wala inapoisha.

Kwa hiyo Jumapili ile ya kuhitimu hapakuwa na mtu asiyejua Hin atachagua nini. Hata hivyo Mzee Szeto alikataa kuruka taratibu. Dukani kwake mtu huhitimu kwa masikio. Macho hayana kazi. Vicheza muziki viwili hulazwa mezani chini ya kitambaa cheusi, kila kimoja na waya wake, na nyaya zote mbili huingia kwenye kijisanduku chenye swichi: kushoto, kulia. Anayehitimu husikiliza kadiri anavyotaka, kisha hutaja upande. Na kama kwa njia yoyote amejua kipi kiko wapi, ni wajibu wake kusema kabla hajasikiliza, vipangwe upya.

Mzee alitumia karibu nusu saa kusawazisha sauti ya Shaba ya Hin na Bati ya duka kwa kipimo chake. Aliwakumbusha, kama anavyowakumbusha kila mara, kwamba kati ya vitu viwili sikio hupenda kile chenye sauti kubwa zaidi, hata kikikizidi kingine kwa kiasi ambacho paka hawezi kukisikia, na kwamba amewahi kuona mabingwa wakidanganyika hivyo. Walimwitikia kwa heshima bila kumsikiliza. Walikuwa wakilizunguka kasha la vifaa vya zamani vya Hin kama ndugu wa marehemu kabla ya mazishi, wakinong'onezana nani achukue nini.

"Kaka Hin," Mok aliita kutoka kwenye kona yake, "mwavuli umekuja nao?"

"Nimeuacha nyumbani, Bonge. Wewe mikono umenawa? Hapa pananuka bata."

"Hiyo ni harufu ya kazi, kaka. Ya kwako ni maneno matupu, hata njaa hayaondoi."

Wakacheka wote, na Hin akacheka nao. Lok-yan alikuwa amekaa pembeni na kikombe cha chai ya maziwa, maana desturi inataka awepo shahidi wa nyumbani, yule ambaye kiapo kinamhusu. Walimwita shemeji na kumpa kiti kizuri. Mzee Szeto akatandaza kitambaa, akachomeka nyaya, akasimama nyuma ya Hin ili uso wake usitoe siri.

Hin akatazama chini, akajua.

Kitambaa kilikuwa kimeshuka mbali upande wa wenzake, lakini upande wake kiliishia ukingoni mwa meza. Waya wa kushoto ulitokea pale ukingoni, karibu na tumbo lake. Wa kulia ulitokea upande wa pili, ukazunguka na kurudi. Vyote vililazwa sehemu ya chini ikimwelekea, na Shaba tundu lake la waya liko upande wa chini. Bati lake liko upande wa juu, kwa hiyo Shaba ilikuwa kushoto. Hakuna asiyejua hilo kati ya watu waliokwisha kuchomeka na kuchomoa nyaya zile mara zisizo na hesabu. Watu hawa wanaweza kugombana jioni nzima juu ya dhahabu iliyopakwa ncha ya waya, na hakuna aliyefikiria kwamba waya wenyewe unaonekana.

Ilimpasa aseme. Hakusema. Alijiambia hakuna anayedhulumiwa, kwa kuwa kwa kitambaa au bila kitambaa yeye ni mtu wa Shaba. Akavaa visikizi vyake, akageuza swichi kushoto.

Wimbo wake wa kupimia ulikuwa uleule wa miaka sita. Mwanamke anaimba, nyuma yake kuna gitaa kubwa la besi, na baada ya muda mfupi ngoma inaanza kusuguliwa kwa brashi. Hapo kwenye brashi Hin hukata, kwa sababu kufikia hapo amekwisha kusikia anachohitaji. Shaba ilimpa alichokizoea, utamu na joto. Leo joto lile lilikuwa limezidi kidogo, kama mgeni aliyeingia ndani na koti na hataki kulivua. Brashi ikaanza. Akakata.

Akageuza kulia.

Mwanamke akaimba, besi ikaingia, naye akangojea mvua. Haikunyesha. Alingojea brashi ili akate, na brashi ikaja, ikapita, na mkono wake ukabaki gotini. Ubeti wa pili ukaanza. Hakuwahi kuusikia. Kisha wa tatu. Siku zote alidhani ni wimbo wa mapenzi. Kumbe mwanamke yule alikuwa akiuza cherehani ya mama yake aliyefariki, akimweleza mnunuzi mahali pa kutia mafuta, taratibu, sehemu moja baada ya nyingine, ili achelewe kuikabidhi. Hin alimfuata mpaka mwisho. Besi ilipozimika ndipo alipokumbuka kwamba yuko dukani na watu wanamtazama.

Hapo alielewa yote, na hakufurahi. Mok huilinda mno Bati yake. Huwa haipandishi sauti. Siku zile Hin alipoiazima ili aihukumu, aliisikiliza kama ilivyo, sauti ikiwa chini, kisha akarudi kwenye Shaba yake iliyokuwa juu kidogo. Alifanya kosa ambalo Mzee Szeto huwakanya watoto wa shule wanaopita dukani. Alilifanya mara moja, akaliandikia aya, na aya zikatembea.

Alikuwa na sehemu mbili tu za kuelekeza kidole. Kulia kulikuwa na sauti ambayo angeweza kuzeeka nayo. Kushoto kulikuwa na jina lake.

"Kushoto," alisema.

Mzee Szeto akafunua kitambaa, Shaba ikang'aa, na chumba kikajaa makofi. Mmoja alisema yale si masikio, ni mizani ya sonara. Hin akaapa, mkono juu ya Shaba, kwamba hatatafuta tena. Mok naye alipiga makofi, tena kwa moyo mmoja, na Hin akapata sababu ya kuinama afunge kamba za viatu.

Kasha likafunguliwa, mnada ukaanza, naye akawaaga mapema, akashuka na Lok-yan kwenye mgahawa wa mtaa wa pili. Waliagiza tambi za supu na maandazi ya uduvi. Yeye alizungumza sana. Alieleza jinsi sauti ya kushoto ilivyokuwa na mwili, na jinsi ya kulia ilivyokuwa na haraka. Lok-yan alikula mpaka supu ikafika katikati ya bakuli.

"Mimi sijui sauti," alisema. "Nakujua wewe. Ule wimbo umenipigia nyumbani mpaka mwanzo wake nauchukia, na sijawahi kusikia unavyoisha. Leo nimetazama mkono wako: wa kushoto umeukata palepale unapoukata siku zote. Wa kulia umeuacha ukaisha."

Hin alisema ameshachagua na ameshaapa, na mambo hayo yamekwisha.

"Umechagua nini, Hin?"

Hin akachovya kijiko kwenye supu.

"Utarudi," alisema Lok-yan, bila ukali. "Mwaka hautaisha, utarudi kukitafuta hicho ulichokiacha juu pale, na utaniambia ni kitu kipya kimetoka. Nami nitajifanya naamini. Nawaona wanawake wanaoishi hivyo. Mimi sitaki."

Ndipo akamweleza habari ya waya. Alimweleza akitazama bakuli lake: chini, juu, ukingo wa meza, na kwamba alijua kabla ya kuvaa visikizi. Alitegemea mwenzake angekasirika. Lok-yan aliuliza tu kama tambi zilizobaki atazila, na alipoona hazili, akazivuta upande wake.

Hin akainuka, akarudi dukani.

Wote walikuwa bado pale, kila mmoja na kipande chake cha urithi. Walimshangilia alipoingia, wakidhani amesahau kitu. Akaweka Shaba mezani, akabaki amesimama.

"Nilijua," alisema. "Waya wa Shaba ulikuwa unatokea ukingoni, upande wangu. Nilijua kabla sijasikia chochote, na sikusema. Masikio yangu yalichagua kulia."

Mzee Szeto alikichukua kile kitambaa cheusi, akakitazama kama aliyeuziwa kitu chenye tundu, akakikunja. Aliyekuwa amesema habari za mizani ya sonara akaanza kuangalia simu yake. Hin akamgeukia Mok, kwa kuwa sehemu ngumu ilikuwa bado.

"Hainyeshi, Bonge. Haijawahi kunyesha. Niliisikiliza ikiwa chini, nikaiandikia upuuzi. Nisamehe."

Mok alikuwa na Bati yake mfukoni mwa shati. Aliigusa, akaiacha hukohuko.

"Miezi yote ile," alisema, "mpaka na mimi nikaanza kuisikia hiyo mvua. Wiki iliyopita nilikuja hapa kuiuza. Muulize mzee. Alinikuta nashuka ngazi, sikumwambia hata nilichojia."

Hin akainamisha kichwa. Mok hakusema amemsamehe, wala hakusema hajamsamehe.

Mzee Szeto ndiye aliyemaliza. Alisema utaratibu ni uleule kwa wote: anayejua akanyamaza ameondoka, na haitwi tena, hata kama mgeni. Alisema bila hasira, kama anavyotaja bei. Kisha akafungua kabati, akatoa Bati mpya ndani ya boksi lake, akaibadilisha na Shaba, na akampa mkono. Simu ya Hin ikatetemeka: mtu alikuwa ameshamtoa kwenye kundi.

Akaelekea mlangoni na boksi lake kwapani. Kijana mmoja alikuwa amekuja na kicheza muziki kipya kutoka Shenzhen, ng'ambo ya mpaka, ambacho hakijaingia bado madukani, na sasa akakitoa, kwa sababu chumba kilihitaji jambo jingine. Viti vikasogezwa. Sauti zikapanda. Yule wa mizani alikisikiliza kwa sekunde chache, akatangaza kwamba besi yake imezidi.

Hin alikuwa ameshika kitasa. Alikuwa ameyajaribu matoleo ya awali ya kifaa hicho, na alijua kwamba besi haikuzidi: kile kipira cha kisikizi alichovaa jamaa yule kilikuwa kikubwa kwa sikio lake, na kubadilisha kipira kingemaliza ubishi mzima. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, yamepangika, yana makali yake. Alisubiri kidogo kuona kama yupo atakayeligundua hilo. Hakuna aliyeligundua. Wakaanza kubishana.

Akafungua mlango, akashuka ngazi.