Vijiti Vinne Chini ya Ngozi

Dada mtu, fundi cherehani, hakumwamini mdogo wake wa kiume, na hakuna aliyemlaumu. Enzi alipokuwa mtumwa wa unga wa kulevya, bwana yule aliwahi kumwibia pasi ya mkaa na kuiuza ikiwa bado ina moto. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Mwaka mzima mdogo mtu alikwenda zahanati kila asubuhi kumeza dawa ya kuacha unga mbele ya muuguzi. Dada alimwona akitoka, alimwona akirudi, roho ikatulia. Halafu ghafla akaacha kwenda.

"Wameniwekea vijiti vinne," alisema, akionyesha bendeji juu ya kiwiko, upande wa ndani. "Vinatoa dawa kidogo kidogo, miezi sita."

"Binadamu anachomekwa vijiti?" dada aliguna, akarudi kwenye cherehani yake.

Wiki ya tatu, rafiki wa zamani aitwaye Msumari akaanza kupitapita kwenye karakana ambako mdogo mtu alikuwa akitengeneza baiskeli. Dada, ng'ambo ya barabara, alishona huku jicho moja liko kwao. Wananong'ona nini? Na mbona Msumari haondoi macho kwenye ule mkono?

Siku moja mchana akakuta shati la mdogo wake kwenye ndoo, limelowekwa. Maji yalikuwa mekundu.

Alimfuata. "Lete mkono."

Akapapasa kwa vidole vilivyozoea kutafuta pini iliyopotea kwenye pindo. Kimoja. Viwili. Vitatu.

"Cha nne kiko wapi?"

"Kimo humo."

"Umemuuzia Msumari."

"Alitaka kununua, dada. Leo kaja na wembe kabisa. Nilipomsukuma akanichana hapa." Akaonyesha mkato karibu na kifundo cha mkono.

Maneno yalikuwa matamu mno, na dada alikwisha kulishwa matamu mengi. Akaacha gauni la mteja lina mkono mmoja, wakaongozana hadi zahanati, yeye nyuma kama askari.

Muuguzi alimgeukia mwenye mkono kwanza. "Dada yako akae, au asubiri nje?"

"Akae. Aone mwenyewe."

Muuguzi alibonyeza, akarudia, kisha akapitisha ile mashine ya kutazamia wajawazito. "Hiki hapa. Kimezama chini ya mwenzake. Vyote vinne vimo, na hakuna aliyevigusa."

"Una hakika si mfupa?"

"Mfupa naujua, mama."

Dada alitaka kufurahi, lakini aibu ilimwahi. Nje alimwita mdogo wake mara mbili kabla hajageuka.

"Nisamehe."

"Nimekusamehe. Ila kwako sirudi leo."

Alihamia kwa mwenye karakana ya baiskeli. Siku zile, Msumari alipojitokeza tena, alimkuta dada mlangoni pa karakana na mkasi wa kukatia vitambaa, akakumbuka ana safari nyingine. Mdogo mtu aliyaona hayo yote akiwa ameinamia gurudumu.

Siku ya tisa alirudi nyumbani na mfuko wake, akaomba chai. Dada akammiminia. Macho yake yalikwenda kwenye mkono kabla ya kufika usoni, hakuweza kuyazuia. Mdogo wake aliliona hilo. Akakunja shati mpaka begani, akanywa chai yake taratibu, mkono ukiwa wazi mezani baina yao.