Mtandio Mwekundu Juu ya Nguzo

Mambo yaliharibika Jumamosi ya tarehe kumi na tisa, mwezi wa nane, jua likiwa utosini, pale Kidoti alipoingiza mguu kwenye kiatu bila kukikung'uta. Alipiga ukelele mmoja tu, akakaa chini. Nge akatoka kiatuni taratibu, mkia juu, kama mpangaji aliyeamshwa usingizini.

Babu yake Kidoti alimponda nge kwa sufuria ya chai.

"Nimeshamuua, mjukuu wangu. Tulia."

"Mguu unawaka, Babu."

"Utapoa. Babu yupo."

Huyo babu ni mpaka rangi, na mtaani kwao hata watoto wadogo humwita Mzee Brashi. Kambini pale, kwenye hifadhi ya jangwani walikokuja kutalii, saa ile walikuwa watatu: yeye, binti yake wa pekee, na mjukuu huyo wa miaka sita. Mkwe wake, dereva wa lori la soda, alikuwa ameondoka na gari tangu asubuhi kwenda getini kuchota maji, huko mbali ng'ambo ya majabali. Kambi ilikuwa na bomba lake, tena lina kibao kimeandikwa "Maji Safi" kwa rangi ya kupendeza, ila lenyewe lilikuwa kavu kama koo la mlevi asubuhi. Ndivyo walivyo wakubwa. Kibao kwanza, maji baadaye. Na simu, katikati ya jangwa lile, zilikuwa zinafaa kutazamia saa tu.

Binti aliufunga mguu wa mtoto kwa kitambaa kilicholowa maji ya mwisho ya chupani. Halafu akainua macho kutazama nguzo.

Mzee Brashi naye akaitazama.

Kila kambi ya hifadhi ile ilikuwa na nguzo ya chuma, ndefu, yenye kamba na kapi. Bango la getini lilieleza vizuri: ukipatwa na shida pandisha kitambaa chekundu, mnarani kuna askari mwenye darubini, atakuja. Mnara wenyewe ulionekana kule juu ya mgongo wa mlima, mdogo kama jino. Shida ni kwamba juu ya nguzo yao kitambaa chekundu kilikuwa kimeshapanda. Kilikuwa pale tangu jana, kinapepea kwa raha zake.

Ulikuwa mtandio wa marehemu mke wake. Aliuvaa siku ile aliyokaa kwenye benchi la hospitali tangu asubuhi, akiambiwa subiri, daktari yuko kwenye kikao. Ukutani mbele ya benchi palikuwa na kalenda yenye picha ya jangwa. "Siku moja tukalale pale, mume wangu," alisema, huku ameshika ubavu. "Hakuna paa, hakuna mwenye nyumba." Kikao kilipokwisha, na yeye alikuwa ameshakwisha.

Tangu hapo Mzee Brashi hana neno jema kwa mtu mwenye meza, muhuri au sare. Amepaka rangi ofisi nyingi za wakubwa, na husema anajua kuta zao zilivyooza kwa chini.

Kwa hiyo Ijumaa, hema halijasimama sawasawa, aliutoa mtandio kwenye begi akaupandisha ili mama atazame jangwa lake.

"Baba, hiyo nguzo ni ya kuitia msaada," binti alimwambia.

"Aje nani? Hao? Mama yako aliwaita kutwa nzima."

Chai haijachemka, vumbi likaonekana. Gari la askari lilikuja likirukaruka kwenye mawe, akashuka mwanamke kijana, kofia imekaa upande, sanduku la dawa mkononi, anahema.

"Shikamoo mzee. Nani kaumia?"

"Marahaba. Hakuna aliyeumia. Karibu chai."

"Chai?" Alitazama juu ya nguzo, akamtazama mzee. "Mzee wangu, nimekimbiza gari kwenye mawe yote yale, nusura nipinduke."

"Umefanya la maana. Mwenzako wa hospitali hata kwenye kiti hakuinuka."

"Mimi si wa hospitali, baba."

"Sare ni sare."

Yule askari hakupaza sauti. Aliuteremsha mtandio, akaukunja vizuri kama nguo ya mtu anayeheshimiwa, akampa kwa mikono miwili. "Leo nimekuja hujaniita," alisema. "Siku ukiniita kweli, nitajuaje? Na kesho mchana natoka zamu. Huyo mwenzangu anayeingia nimwambie nini kuhusu kambi hii?"

Mzee Brashi alimimina chai yake akanywa.

Gari lilipopotelea nyuma ya jabali, akaupandisha tena. Safari hii alifunga kamba kwa yale mafundo anayofungia majukwaa ya kupandia kazini, fundo juu ya fundo, asije mwenye sare mwingine akaufungua. Mkwe wake alikohoa tu, maana mkwe atasema nini?

"Utauteremsha lini, Baba?" binti aliuliza.

"Mama yako akishiba kutazama."

Hakuna aliyekuja tena siku ile. Mzee alichekelea. "Mnaona? Wameshachoka. Mara moja tu, wamechoka."

Sasa Kidoti alikuwa amelazwa kwenye kivuli cha hema, mate yanamtoka kidogo kidogo pembeni mwa mdomo. Misuli ya shavu ilikuwa inachezacheza peke yake, na macho yanakwenda yanakotaka. Mama yake alimpepea kwa kifuniko cha ndoo.

"Baba, hawaji."

"Watakuja."

"Watakuja kwa kuona nini? Kitambaa ni kile kile cha jana! Hata wakitazama, wataona mzee mkaidi na mtandio wake!"

Mzee Brashi alisimama akiangalia mnara, akifikiri kwa pupa. Kitu kilichokwisha kupanda hakiwezi kupanda tena mpaka kishuke. Kama kuna jicho kule juu, basi jicho hilo lione kitu kinabadilika.

Akaivamia kamba. Mafundo yalikuwa yamekazwa na hasira ya jana, na juzi, na ya miaka yote. Vidole vilivyoshika brashi maisha yake yote vikawa kama vya mtu mwingine. Akainama akatumia meno.

"Kata, Baba! Kisu hiki hapa!"

"Nikiikata haupandi tena!"

Fundo la kwanza likalegea. La pili likamtoa damu ufizini. La mwisho lilipoachia, mtandio ulishuka kwa kasi ukamwangukia kichwani na mabegani, na kwa kitambo kidogo akawa ndani ya wekundu, na ile harufu ya sabuni ya mkewe ambayo hakujua kama bado ipo au anaikumbuka tu.

Akaupandisha. Akaushusha. Akaupandisha. Kapi lililia kama mtoto wa paka. "Nitazame, binti askari!" alifoka kuelekea mlimani, kana kwamba sauti ingefika. "Leo nakuita! Nakuita mimi!"

"Babu anapigana na nani?" Kidoti aliuliza kwa ulimi mzito.

"Anamwita askari, mwanangu. Usilale. Niambie, jana uliona mawe ya rangi gani?"

Kiganja cha mzee kilichubuka, kamba ikawa inateleza kwa damu, naye akaendelea, juu, chini, juu. Sare aliyoitukana jana ndiyo aliyokuwa akiiombea itokee, na aliomba bila aibu.

Ndipo vumbi likanyanyuka chini ya mnara.

"Gari!" binti aliruka. "Baba, gari linashuka!"

Lilishuka mlima, doa dogo lenye mkia wa vumbi. Mzee Brashi hakuachia kamba. Alikumbuka kwamba mchana huu ndio wa kubadilishana zamu, na anayetoka zamu hushuka kwa barabara ile ile akirudi kwao. Alikumbuka pia kwamba nyuma ya jabali jeusi barabara hugawanyika, tawi moja kuja kambini, jingine kwenda getini.

Doa lilifika kwenye jabali likamezwa. Vumbi likabaki hewani peke yake, likitanda polepole pande zote mbili.

Mtoto alikuwa amenyamaza. Mama yake alikuwa ameweka sikio kwenye kifua kile kidogo, jicho moja barabarani. Juu ya nguzo mtandio uliendelea kupanda na kushuka, kupanda na kushuka.

"Baba," binti alisema kwa sauti ya chini. "Wewe uko wima, unaona mbali. Limekata kuja huku, au linakwenda getini?"